Kikosi cha Kuazima

Vijana tunaocheza Pokémon kwenye simu, hapa Lilongwe na kule Dzaleka, tuna mashtaka mawili juu yetu. Moja linaletwa na wakubwa: tunapoteza muda. Jingine tunalileta wenyewe kila tukishindwa: simu mbovu, bando ghali, mpinzani ana bahati. Yote mawili nayakataa. La wakubwa nitalijibu haraka kwa sababu si gumu. La kwetu ndilo lililonikalisha chini niandike, maana ugonjwa tunao, ila si huo tunaoutaja. Tunashindwa kwa sababu vikosi tunavyoingia navyo uwanjani si vyetu. Tumeviazima kwa watu tusiowajua, waliovitunga kwa ajili ya wapinzani ambao hatutakutana nao, na tukiulizwa pigo fulani limewekwa pale kwa nini, tunatazamana.

Kwa mhadhiri asiyeujua mchezo huu, nieleze kidogo. Pokémon ni viumbe wa kubuni waliotoka Japani mwaka 1996. Kila mchezaji hupanga kikosi cha viumbe sita. Kila kiumbe ana aina moja au mbili kati ya aina 18 (moto, maji, majani, umeme, chuma na nyinginezo), na kila aina ina inayoiogopa na inayoitisha. Kiumbe anaweza kujua mapigo mengi, lakini huingia uwanjani na manne tu. Hushika kifaa kimoja. Hupewa tabia, ambayo kwa kawaida humwongezea asilimia 10 katika nguvu moja na kumpunguzia asilimia 10 katika nyingine. Kisha kuna pointi 510 za mazoezi, ambazo mchezaji huzigawa katika nguvu sita bila kuzidisha 252 mahali pamoja. Uwanjani, wachezaji wawili huchagua hatua zao kwa siri, halafu zinatekelezwa, mwenye kasi akitangulia. Mashine ya Nintendo hakuna kati yetu aliye nayo, wala haihitajiki. Programu iitwayo Pokémon Showdown, iliyoanzishwa na Guangcong Luo, hufunguka bure kwenye kivinjari cha simu, na kwa kuwa hatua za mchezo husafiri kama maandishi, bando dogo la Airtel au TNM linatufikisha mbali.

Sasa wakubwa. Mama mmoja wa Lisungwi, mzaliwa wa Uvira, alitukuta vijana watano tumezunguka simu mbili, akauliza: "Banyama benu ba mu telefone, batawalisha?" Tukamjibu, "Hapana, mama." Swali lake lilikuwa la haki na jibu letu lilikuwa la kweli. Lakini muda unaopotea Dzaleka haukupotezwa na simu. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu kama 10,000 au 12,000, na leo inabeba zaidi ya 50,000. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, kikiwemo cha 17 kinachohusu ajira na cha 26 kinachohusu uhuru wa kutembea. Machi 2023 serikali ikaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na Mei mwaka huohuo polisi wakaanza kuwakusanya. Kijana aliyemaliza sekondari ndani ya hali hiyo amepewa muda kuliko alivyopewa kitu kingine chochote. Anayetaka kuulilia muda wetu aanzie kwenye kifungu cha 17. Akimalizana nacho, aje kwenye simu, tutamsikiliza. (Na kwa Kichewa jina Dzaleka lenyewe hubeba maana ya "nimekoma, sirudii tena". Labda ndiyo sababu kila mtu anayepita hapo anahisi ana ruhusa ya kutuambia tuache kitu.)

Wapo pia wanaosema hao ni mapepo. Sijui pepo gani anayekubali kupangiwa mapigo manne na kunyimwa la tano.

Wanaosema mchezo wa kupanga mapigo ni utoto wa kigeni nao wana la kujibu, na hili nawaelekezea hasa wanafunzi wenzangu wa Kiswahili. Bao tunalisoma kwa heshima. Tunajua mashimo 32 na kete 64, tunajua kwamba katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, tunajua tofauti ya namua na mtaji, tunajua ubishi wa nyumba: uilinde au uisafirishe. Huku Malawi wazee huliita bawo na hulicheza kivulini mpaka jua linazama, na hakuna anayewaambia wanapoteza muda. Wanaitwa mafundi. Fundi wa bao anathaminiwa kwa jambo moja: anaona mbele, anajua kete hii ikiondoka hapa itaacha pengo kule. Anayepanga kikosi cha viumbe sita anafanya kazi ya ukoo uleule, tofauti ikiwa kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla mchezo haujaanza. Bao huanza na mpangilio mmoja kwa wote. Hapa mpangilio wenyewe ndio mtihani.

Kuna utetezi mmoja nisioutaka, ingawa unasaidia upande wangu. Nao ni ule wa kusema michezo ya video inalipa. Wanaoutumia humtaja Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, akajifunza kutunga programu humohumo kambini na kutengeneza mchezo wa Salaam. Au humtaja Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kama QueenArrow, aliyesajiliwa na timu ya nje kwa kucheza Tekken huku akisomea sheria. Nawaheshimu wote wawili. Lakini kumwambia kijana wa Katubza acheze Pokémon kwa sababu huenda siku moja akalipwa ni kumwuzia tikiti ya bahati nasibu. Mayen alitunga mchezo, hakuucheza tu, na Gathoni hakuacha masomo ya sheria. Faida ninayoitetea mimi ni ndogo na iko karibu: akili kujizoeza kupanga vitu vichache, kwa sababu zinazoelezeka, dhidi ya mtu anayejulikana. Faida hiyo ndiyo tunayoitupa kila tunaponakili.

Tunanakili hivi. Mtu anafungua ukurasa wa wachezaji wakubwa, anachukua kikosi kizima kilichoandikwa tayari, viumbe sita, mapigo 24, pointi zote, anabandika, anabonyeza, anaingia. Dakika moja imetosha. Akishinda anasema yeye mkali. Akishindwa anatafuta kikosi kingine cha kubandika. Nimewaona watu waliobadilisha vikosi kumi na viwili katika muhula mmoja na hawajawahi kubadilisha pigo hata moja kwa mkono wao.

Kosa la njia hii halihusu maadili. Sisemi ni wizi. Vikosi hivyo vimewekwa hadharani ili vichukuliwe. Kosa ni la hesabu. Jumuiya ya Smogon, ambayo kanuni zake ndizo zinazofuatwa sana kwenye Showdown, huwapanga viumbe katika madaraja kwa kuangalia wanatumiwa mara ngapi, na hutoa takwimu hizo kila mwezi. Kikosi kinachosifiwa mwezi huu kinasifiwa kwa kuwa kinajibu viumbe wanaotumiwa sana mwezi huu na wachezaji wa ngazi za juu. Kila pointi iliyomo ni jibu la swali. Sisi tunachukua majibu na kwenda nayo kwenye chumba cha mtihani mwingine.

Mfano mmoja, nao nitaukokotoa polepole kwa sababu ndipo ubishi ulipo. Garchomp ni kiumbe anayependwa sana kwenye kundi letu. Kila aliyemnakili amemleta hivihivi: tabia ya Jolly inayoongeza kasi, pointi 252 kwenye shambulio, 252 kwenye kasi. Katika kiwango cha 100 hiyo inampa kasi 333 na shambulio 359. Kwa nini kasi 333? Kwa sababu wachezaji wakubwa hukutana na viumbe wengi ambao kasi yao ikijazwa kabisa hufika 328, Charizard na Volcarona wakiwemo, na Garchomp anataka kuwatangulia. Vizuri. Lakini katika kundi letu la Jumapili hakuna anayechezesha Volcarona, na Charizard alikwisha kuachwa. Mwenye kasi anayetutesa ni Gyarados, ambaye akijazwa kasi yote anafika 287. Basi mpe Garchomp tabia ya Adamant inayoongeza shambulio, weka pointi 192 tu kwenye kasi, uone: kasi yake inakuwa 288. Anamzidi Gyarados kwa moja, na moja inatosha, kwa sababu anayetangulia kwa moja ametangulia. Shambulio linapanda kutoka 359 hadi 394. Na bado zimebaki pointi 66 za kumwongezea uhai. Kiumbe yuleyule, mapigo yaleyale, lakini sasa anapiga kwa nguvu zaidi na anavumilia zaidi, kwa sababu mwenye kikosi alijiuliza nitacheza na nani. Ni kweli Gyarados akipata nafasi ya kucheza Dragon Dance kasi yake inapanda na hesabu hii inavunjika. Hapo ndipo unapaswa kuamua nani katika watano waliobaki atamnyima nafasi hiyo. Huko ndiko kupanga. Aliyenakili hafiki kwenye swali hilo, kwani hajui kwamba kuna 287.

Mfano wa pili ni Stealth Rock. Ni pigo la kutawanya mawe upande wa mpinzani ili kila kiumbe anayeingia aumie. Charizard hupoteza nusu ya uhai wake kwa kukanyaga tu. Karibu kila kikosi kilichonakiliwa kina mtu wa kutawanya mawe. Wachezaji wa juu hubadilisha viumbe mara kwa mara, wakiingia na kutoka, kwa hiyo mawe hayo huwatafuna mchezo mzima. Kwenye kundi letu watu hawabadilishi. Mtu akimtoa kiumbe wake anang'ang'ana naye mpaka afe, kama dereva wa minibasi aliyekataa kurudi nyuma kwenye barabara ya njia moja. Sasa unapoteza zamu nzima kumtegea mawe mtu asiyetembea, naye katika zamu hiyo anakupiga. Pigo ni lilelile, limekuwa bora huko na mzigo huku. Nimelisema hili mara nyingi kundini na jibu ninalopewa ni kwamba "wakubwa wote wanaliweka".

Mtu anayetaka kujua kupanga ni nini amtazame Sejun Park wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka 2014 mjini Washington. Katika mashindano yale wanacheza wawiliwawili, viumbe wawili kila upande kwa wakati mmoja. Kati ya viumbe wenye nguvu za kutisha, Park aliingia na Pachirisu, kindi mdogo wa umeme ambaye hakuna aliyekuwa akimhesabu. Mapigo yake manne yalikuwa Follow Me, Nuzzle, Super Fang na Protect. Hakuna hata moja la kuua. Follow Me huvuta mashambulio ya wapinzani yamwelekee yeye. Kipaji chake, Volt Absorb, hugeuza umeme unaompiga kuwa uhai. Na ndani ya kikosi alikuwemo Gyarados, wa maji na anga, ambaye umeme humpiga mara nne. Unganisha: mpinzani anamtupia Gyarados umeme, kindi anaudaka na kushiba. Super Fang hukata nusu ya uhai uliobaki wa karibu yeyote, hata awe jitu, na Nuzzle humpooza. Kindi hakuwa na nguvu. Alikuwa na kazi. Mtoe kwenye kikosi kile umweke kwenye cha mwingine asiye na wa kulindwa, utabaki na kindi tu. Na hivyo ndivyo ilivyowakuta waliomchukua bila kuchukua sababu zake.

Najua jibu lililoandaliwa kunijibu, kwa sababu nimekwisha kulisikia: kila fundi huanza kwa kunakili. Ni kweli, na ni hoja nzuri kuliko zile za bando. Lakini mtazameni mwanafunzi wa fundi cherehani pale sokoni Dzaleka. Ananakili mshono wa bwana wake, ananakili ukosi, ananakili hata jinsi ya kushika mkasi. Kitu kimoja hanakili: vipimo. Mteja akija, futi inatoka. Mwanafunzi atakayemkatia mteja mnene shati kwa vipimo vya mteja mwembamba wa jana, kwa sababu la jana lilipendeza, hatafika mwisho wa mwezi pale kibarazani. Sisi tunanakili vipimo na kuacha mshono. Vivyo hivyo darasani kwetu: aliyekariri mashairi mia anajua mizani kumi na sita inavyosikika, na hilo ni jambo kubwa, lakini siku ya kutunga atatafuta kina chake mwenyewe. Kunakili kikosi ili ukisome, pigo kwa pigo, ukiuliza hili linamzuia nani, hilo naliunga mkono. Kukibandika na kuingia nacho ni kukariri kwa sauti ya juu.

Na hapa ndipo lugha inapoingia, maana insha hii iko kwenye kitabu cha wanafunzi wa Kiswahili na si cha wacheza simu. Katika kundi letu kuna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na Wamalawi wawili watatu wa chuo. Kiswahili ndicho tunachotaniana nacho, tunachogombana nacho, tunachoombana nacho vocha. Tukifika kwenye mkakati tunahamia Kiingereza cha kuazima pamoja na kikosi cha kuazima. Tunataja kazi za viumbe kwa maneno tuliyoyakuta kwenye ukurasa, na maneno hayo yanatufichia kwamba hatujui tunachosema. Nimejaribu dawa moja: nikiona mtu amebandika kikosi, namwambia anieleze kila pigo kwa Kiswahili cha kawaida, kana kwamba anamweleza yule mama wa Lisungwi. "Huyu anaziba. Huyu anafagia wakishachoka. Huyu anapooza ili mwenzake atangulie." Anayeweza kusema hivyo anajua kikosi chake hata kama kimetoka kwingine. Asiyeweza, ananyamaza kwenye pigo la tatu, na pigo hilo la tatu ndilo litakalomponza Jumapili. Maneno tunayo. Bao limetuachia namua kwa hatua za kufungua na mtaji kwa hatua za kuvuna. Tuna ukuta, tuna chambo, tuna mtego, tuna kufagia. Hatuhitaji kamati ya istilahi. Tunahitaji kuyatumia kwa wiki tatu yazoeleke.

Mtu atasema nimekuza jambo dogo. Wanyama wa kwenye simu, ndugu yangu, unatuletea kifungu cha 17 na mizani za shairi? Nakubali ni jambo dogo. Ila Dzaleka kila kitu kikubwa huletwa kikiwa kimekwisha kupangwa. Mafunzo huletwa yakiwa na ratiba iliyoandikwa nchi nyingine, kwa vijana wa nchi nyingine tena, na sisi hubandikwa humo. Ushonaji kwa wote, kompyuta kwa wote, ujasiriamali kwa watu ambao sheria inawafungia soko. Anayeleta hana nia mbaya, ana kikosi kilichomshindia mahali pengine. Kitu kilichosimama kambini ni kile kilichopimwa hapahapa. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na Menes La Plume, msanii wa Kongo aliyekuwa mkimbizi mwenyewe, halikunakili tamasha la mjini. Wakimbizi hawawezi kwenda kwa watu kirahisi, basi watu wakaletwa kambini, na wageni wakalala katika nyumba za wakimbizi. Udhaifu ukageuzwa kuwa mpangilio. Watu wanaofanya hivyo hawadondoki kutoka mbinguni. Walijizoeza mahali fulani kutazama walicho nacho na anayewakabili. Mahali pa kujizoeza ni pachache. Simu mbili za kuazimana ni mojawapo, na ndiyo sababu inaniuma kuona tunazitumia kubandika.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa kundi la Jumapili, na kwa makundi mengine ninayojua yapo vyuoni hapa mjini. Kuanzia muhula ujao, hakuna kikosi kinachoingia uwanjani bila karatasi. Karatasi iandikwe kwa Kiswahili: viumbe sita, mapigo manne kila mmoja, na kwa kila pigo sentensi moja ya sababu, ikitaja mpinzani wa kweli katika kundi na si jina la bingwa. "Kwa sababu wakubwa wanaliweka" haihesabiwi kuwa sababu. Atakayeshinda na karatasi tupu ahesabiwe ameshindwa. Mwanzoni tutacheza vibaya kuliko sasa, hilo nalijua. Vikosi vya kutunga vitavuja, mtu atasahau kabisa kujikinga na barafu, mwingine ataleta viumbe watatu wa moto kwa sababu anawapenda. Sawa. Uvujaji huo utakuwa wetu na tutajua wapi pa kuziba.

Cha kwangu kipo tayari. Garchomp wa 288 yumo, na sababu yake imeandikwa. Wenye Gyarados mmeshasoma, kwa hiyo najua Jumapili mtakuja na kitu kingine, nami nimeacha nafasi ya sita wazi mpaka nikione.